Uvimbe nyuma ya jicho: Kwa nini picha hutangulia kisu

Mtu anaanza kuona ukungu jicho moja. Haumwi, jicho sio jekundu, amebadilisha miwani lakini wapi. Wakati mwingine tatizo liko nyuma ya jicho: uvimbe umeota kwenye neva inayopeleka taarifa za kuona kwenye ubongo, au kwenye utando unaoizunguka.

Kwa uvimbe mwingi, daktari hukata kinyama kidogo kikapimwe maabara. Hapa ni hatari. Neva hiyo ina nyuzi takriban milioni 1, na zikikatwa hazioti tena. Kipimo chenyewe kinaweza kulipofusha jicho. Ndiyo maana mara nyingi picha ndiyo hutoa jibu.

Picha zinaonyesha nini?

CT scan huonyesha vizuri mifupa na chembe za chokaa ndani ya uvimbe. MRI huonyesha neva yenyewe. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa inayofanya uvimbe ung'ae, na mng'ao wa mafuta yaliyo nyuma ya jicho huzimwa ili usiufiche.

Meninjioma huota kwenye utando. Kwenye picha inaonekana mistari miwili inayong'aa, neva ikiwa katikati, kama reli. Chokaa ikionekana kwenye CT scan, uhakika unaongezeka. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa makamo.

Glioma huota ndani ya neva, nayo hunenepa katikati kama muhogo. Huwapata zaidi watoto chini ya miaka 10.

Kwa nini kutofautisha ni muhimu?

Matibabu hayafanani. Meninjioma inayopunguza uwezo wa kuona mara nyingi hutibiwa kwa mionzi. Watoto wengi wenye glioma hufuatiliwa tu kwanza, na uoni ukishuka huanzishiwa dawa za saratani, mionzi huepukwa.

Lakini picha haijitoshelezi. Neva ikipata uvimbe wa kawaida wa mchomo, nayo yaweza kung'aa. Tofauti ni kwamba mchomo huja ndani ya siku chache, na jicho huuma likigeuzwa. Meninjioma huchukua miezi au miaka.

Kwa hiyo mweleze daktari tatizo lilianza lini na lilikujaje. Na ukiandikiwa MRI, uliza kama itapiga matundu ya macho pia, maana MRI ya kawaida ya kichwa inaweza kuuruka uvimbe mdogo.