Kaa Kwanza Uhesabu, Ndipo Uvuke Mpaka

Katika ofisi ya parokia yetu ya Galula kila mwaka baada ya mavuno huja watu kuomba nakala za vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Nikiwauliza ni vya kazi gani, wengine hunijibu, "Bwana Karani, tunahama. Tunakwenda Zambia." Baba amepata kazi Kitwe, au Ndola, au Lusaka; mama amekwisha kufunga mizigo; watoto wanarukaruka kwa furaha. Mimi huandika vyeti, Padre hutia sahihi na muhuri, nao huenda zao.

Lakini siku hizi nina desturi moja. Kabla sijatoa cheti humwuliza baba mwenye nyumba, "Je, umeshahesabu?" Wengine hunikasirikia, wakidhani nawaonea wivu. Basi leo nataka kueleza kwa nini nauliza.

Bwana wetu Yesu Kristu, katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Yampasa mtu huyo akae kwanza na kufikiri gharama, asije akaweka msingi tu akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Kuhamisha jamaa kwenda nchi ya wengine ni kujenga mnara. Mimi nalijua jambo hili, kwa maana niliwahi kupiga hesabu ya mnara wa namna hiyo, nikaikosea.

HESABU NILIYOIANDIKA KWA MKONO WANGU

Kaka yangu ni fundi. Hapa kwetu alikuwa akitengeneza pikipiki na mashine za kukoboa mpunga. Mwezi Novemba 2022 alipata habari ya kazi katika karakana moja ya malori huko Kitwe, mshahara kwacha 6,000 kwa mwezi. Akanijia jioni, akasema, "Mdogo wangu, wewe umesoma chuo cha ualimu. Nipigie hesabu."

Nikachukua karatasi na kalamu. Wakati ule kwacha 1 ilikuwa karibu shilingi 140. Nikazidisha, nikapata shilingi 840,000. Hapa nyumbani yeye alipata kama shilingi 250,000 katika mwezi mwema, na shemeji yangu, kwa vitumbua vyake na mchele, kama shilingi 80,000. Jumla 330,000. Nikasema, "Kaka, huko utapata zaidi ya mara mbili." Tena babu yetu alikwenda huko huko Kitwe kuchimba shaba katika miaka ya 1950, akarudi na baiskeli, cherehani na mablanketi. Nani angeona shaka?

Shemeji peke yake ndiye aliyeuliza neno. Alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Akasema, "Shemeji, na huko kuni zinaokotwa wapi?" Nikacheka, nikamwambia kwamba mjini watu hawaokoti kuni. Kicheko kile nakikumbuka hata leo, nacho hunitia haya.

GHARAMA YA KUVUKA

Gharama zilianza kabla hawajafika Tunduma. Pasipoti ilikuwa shilingi 150,000 kwa kila mtu, awe mzee au mtoto. Wao walikuwa watano: shilingi 750,000. Ongeza nauli ya kupita Nakonde, Mpika na Kapiri Mposhi hadi Kitwe; ongeza kodi ya nyumba ya miezi miwili iliyotakiwa mbele; ongeza vitanda, magodoro na vyombo, maana vya nyumbani havikuchukulika. Yote yalifika shilingi 1,800,000. Kibali cha kazi kililipiwa na tajiri wake, la sivyo ingekuwa zaidi.

Fedha hizo alizitoa wapi? Aliuza shamba lake la mpunga la bondeni, ekari moja na nusu. Wakahama Januari 2023.

MSHAHARA UNAOSIKIA NA MSHAHARA UNAOSHIKA

Mwisho wa mwezi wa kwanza, kaka hakupewa kwacha 6,000. Zilikatwa 300 za akiba ya uzeeni, 60 za bima ya afya, na 240 za kodi ya serikali. Makato hayo ni ya haki, nasi hapa tunayo ya namna yake. Lakini mimi sikuyaandika katika karatasi yangu. Alishika kwacha 5,400. Sasa tazama zilivyokwenda katika mwezi mmoja:

Kodi ya nyumba ya vyumba viwili, 1,500.
Umeme na maji, 300.
Unga wa mahindi, mifuko miwili ya kilo 25, 440.
Mboga, kitoweo, mafuta, sukari na chumvi, 1,300.
Mkaa, 200.
Nauli ya kwenda kazini na kurudi, 440.
Ada ya watoto wawili, ikigawanywa kwa miezi, 450.
Sabuni, simu, dawa na sadaka, 300.

Jumla ni kwacha 4,930. Zilibaki 470, na hapo hakuna aliyeumwa sana, wala msiba uliotokea nyumbani, wala kiatu kilichotoboka.

Linganisha na Galula. Katika zile shilingi 330,000, matumizi yao yote, pamoja na mbegu na mbolea, yalikuwa kama 240,000. Zilibaki 90,000. Kule Kitwe, hata kama kwacha ingalibaki shilingi 140, zile 470 zisingalifika shilingi 66,000. Basi yule mtu mwenye mshahara zaidi ya mara mbili alibakiwa na kidogo kuliko alipokuwa kwao!

Kosa langu lilikuwa wapi? Nililinganisha mshahara na mshahara, badala ya kulinganisha salio na salio. Hapa nyumba ni yake, unga unatoka shambani, maji ni ya kisimani, kuni ni za porini, na mtoto mchanga anakaa na bibi yake. Vitu hivi havina bei, kwa hiyo hatuviandiki. Ukivuka mpaka, kila kimoja kinapata bei. Shemeji aliliona jambo hili kwa swali moja la kuni. Mimi na chuo changu sikuliona.

Tena kulikuwa na zile shilingi 80,000 zake. Mke aliyeandikwa katika kibali cha mumewe kama mtegemezi hapati kwa hilo ruhusa ya kufanya kazi au biashara. Vitumbua vilikoma.

MBONA BABU ALIRUDI NA BAISKELI?

Swali hili lilinisumbua sana. Jibu ni hili. Zamani makampuni ya shaba yaliwapa wachimbaji nyumba, na kwa miaka mingi yaliwapa na posho ya chakula. Fedha aliyoshika babu ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa karibu yote salio. Hata baadaye, migodi ilipokuwa mikononi mwa serikali ya Zambia, mfanyakazi alipata nyumba na matibabu. Kati ya 1997 na 2000 migodi iliuzwa kwa makampuni ya watu binafsi, na nyumba nyingi zikauzwa kwa waliokuwa wakikaa ndani yake. Anayekwenda leo hujilipia kila kitu mwenyewe. Masimulizi ya wazee wetu ni ya kweli, ila ni ya soko lililokwisha kufungwa.

WATOTO NA UKAME

Nchini Zambia serikali iliondoa ada katika shule zake mwaka 2022. Ni jambo jema, lakini madarasa yalijaa sana, na watoto wa kaka hawakupata nafasi karibu na kwao. Wakapelekwa shule ndogo ya kulipia. Binti mkubwa, aliyekuwa hodari darasani kwa Kiswahili, alikuta Kiingereza darasani na Kibemba uwanjani. Alitoka hapa akitarajiwa kuingia darasa la 5. Kule akawekwa la 3. Miaka hiyo miwili ya mtoto, msomaji, utaiandika kwa kwacha ngapi?

Kisha mvua zikakosekana. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa. Mahindi yalikauka, na mfuko wa unga ukapita kwacha 300. Maji ya Ziwa Kariba yakapungua, umeme ukakatwa saa nyingi kila siku, na karakana isiyo na umeme haichomelei chuma. Kwacha nayo ilikuwa imeshuka. Mwanzoni mwa mwaka huo haikufika shilingi 100. Mshahara ulikuwa ule ule, lakini si ule tena. Oktoba 2024 kaka alirudi na jamaa yake, kwa nauli tuliyochanga ndugu.

JE, MKE ABAKI?

Labda utasema, "Basi mume aende peke yake." Ni kweli kwamba hesabu ya namna hiyo hutoka vizuri katika karatasi. Wazee wetu waliokwenda migodi ya dhahabu ya Johannesburg waliishi hivyo, wanaume watupu katika kambi, na twajua nyumba ngapi zilivunjika. Hata leo yupo mama mmoja ambaye mumewe alivuka mpaka miaka minne iliyopita. Miaka miwili fedha zilikuja, kisha zikakoma, kisha simu ikakoma. Mama huyo si mjane, wala hana mume. Watoto wakimwuliza baba yuko wapi, hutazama chini. Gharama hiyo nayo yapasa kuandikwa.

Papa Pius XII, katika hati yake ya tarehe 1 Agosti 1952 iitwayo Exsul Familia, aliiweka mbele yetu Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri, iwe mfano na kinga ya wote wanaohama. Angalieni: Yosefu hakwenda peke yake. Kwa hiyo mimi simlaumu kaka kwa kumchukua mkewe. Alirudi maskini, lakini alirudi na watu wake wote. Mshahara usiotosha kuwaweka mume, mke na watoto chini ya dari moja, huo bado ni mdogo, hata ukiwa na tarakimu nyingi.

SHAURI LANGU

Sisemi watu wasiende. Wako waliokwenda wakafanikiwa, na kazi ya halali ni njema popote. Nasema tu, uende kwa akili.

Kwanza, baba atangulie kwa muda uliowekwa, miezi mitatu au minne, na tarehe ya kurudi ijulikane kwa mke na kwa wazazi. Huko aandike bei za sokoni, za nyumba na za shule, siku kwa siku. Akirudi, mume na mke wakae pamoja na daftari hilo. Na mama asikilizwe, maana yeye ndiye ajuaye chumvi inakwisha lini.

Pili, mwulize tajiri kwa maandishi: nani atalipia kibali, nani atalipia matibabu, na kazi ikikoma nani atalipa nauli ya kurudi?

Tatu, weka nauli ya kurudi ya watu wote mahali pasipoguswa, na usihesabu kwacha kwa bei ya leo tu. Hesabu tena kana kwamba imeshuka theluthi moja, uone kama bado utaishi.

Nne, usiuze shamba. Likodishe, au mwachie ndugu alilime. Kaka yangu sasa hulima lile lile shamba lake la bondeni, lakini hulima kwa kulikodi kila msimu kutoka kwa mtu aliyemwuzia. Nikipita hapo wakati wa palizi, huinama akaendelea na jembe lake, nami sina la kumwambia.

Basi ndugu zangu, vyeti njooni mchukue. Ni haki yenu, na mkifika ugenini mvipeleke parokiani mjulikane. Lakini mkija, njooni baba na mama pamoja. Nitatoa karatasi, na swali la kwanza litakuwa lile la shemeji yangu: huko mwendako, kuni zinaokotwa wapi?

Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu, waliomchukua Mtoto Yesu hadi Misri na kumrudisha salama, wawaombee wote walio njiani.