Spika za rafu na spika za sakafuni

Spika za rafu na spika za sakafuni ni aina mbili za spika za nyumbani zinazotumika kusikilizia muziki, redio na filamu. (Kuhusu kiongozi wa vikao vya bunge, tazama Spika wa Bunge.) Spika ya rafu ni boksi dogo, kwa kawaida lenye kimo cha sentimita 20 hadi 45, linalowekwa juu ya meza, kabati au stendi. Spika ya sakafuni ni boksi refu, mara nyingi la sentimita 80 hadi 120, linalosimama lenyewe. Zote mbili huuzwa kwa jozi, ya kushoto na ya kulia.

Swali la kuchagua kati yake huwahusu zaidi watu wenye chumba kidogo, yaani cha mita za mraba 9 hadi 15 hivi. Wengi hulichukua kuwa swali la fedha tu: mwenye uwezo anunue kubwa. Katika chumba kidogo dhana hiyo mara nyingi si sahihi, kwa sababu besi inayosikika hutegemea chumba kama inavyotegemea spika yenyewe.

Tofauti za maumbile

Spika ya rafu huwa na koni moja ya besi na sauti za kati, yenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 17, pamoja na twita kwa ajili ya sauti nyembamba. Spika ya sakafuni huwa na koni mbili au tatu, wakati mwingine zaidi, na nafasi kubwa ya hewa ndani ya boksi. Kwa hiyo hushuka chini zaidi. Spika nyingi za rafu huanza kufifia kati ya hezi 50 na 70, ilhali za sakafuni nyingi hufika hezi 40 au chini yake. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa hezi 41 hivi.

Udogo wa boksi una gharama yake. Mhandisi J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH nchini Marekani mwaka 1957, anakumbukwa kwa kanuni inayotaja mambo matatu: besi ya chini, boksi dogo, na wepesi wa kugeuza umeme kuwa sauti. Mbunifu anaweza kupata mawili. La tatu lazima alipoteze. Miaka mitatu kabla, mwaka 1954, Edgar Villchur alikuwa ametoa spika ya AR-1, ambayo boksi lake lilizibwa kabisa ili hewa ya ndani iwe kama springi ya koni. Ilitoa besi ya chini kwa boksi dogo kuliko ilivyozoeleka, lakini ilihitaji amplifaya yenye nguvu zaidi.

Mfano mwingine ni LS3/5A, iliyobuniwa na BBC ya Uingereza katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mafundi wanaofanya kazi ndani ya magari ya matangazo. Kimo chake ni sentimita 30 hivi. Besi yake ni haba, ila sauti ya mtu anayezungumza husikika kwa uaminifu mkubwa, na ndiyo iliyokuwa haja ya mafundi wale.

Chumba kidogo hufanya nini kwa besi

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi. Wimbi la hezi 57 basi lina urefu wa mita 6 hivi, na nusu yake ni mita 3. Likiwa ndani ya chumba chenye upana wa mita 3, wimbi hilo huenda na kurudi kati ya kuta mbili likijiongeza, na huitwa wimbi lililosimama. Noti ya masafa hayo hunguruma kupita nyingine zote na huchelewa kunyamaza hata baada ya mpigaji kuiacha.

Hesabu yake ni rahisi: 343 igawanywe kwa urefu wa chumba mara mbili. Urefu wa mita 4 hutoa hezi 43, upana wa mita 3 hutoa hezi 57, na kimo cha mita 2.7 hutoa hezi 64. Katika chumba cha mraba, mfano chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi ambacho ni cha kawaida katika miji ya Afrika Mashariki, urefu na upana hutoa namba ileile, kwa hiyo mngurumo huongezeka maradufu mahali pamoja. Kama na dari iko futi kumi, ni mara tatu. Kwa spika hicho ndicho chumba kigumu kuliko vyote.

Hapo ndipo spika ya sakafuni inapoonekana mbaya bila kosa lake. Inatoa kwa wingi masafa yaleyale ya hezi 40 hadi 60 ambayo chumba tayari kinayakuza. Spika ya rafu huanza kufifia papo hapo, na chumba kikajaza sehemu ya pengo. Matokeo yake, boksi la bei nafuu linaweza kutoa muziki ulio wazi zaidi kuliko la ghali.

Ushauri mwingi kuhusu spika umeandikwa Marekani, ambako nyumba nyingi ni za fremu za mbao na kuta za jipsamu. Kuta hizo hutikisika na kupitisha sehemu ya besi nje. Ukuta wa tofali za saruji huirudisha karibu yote ndani. Msomaji wa Dodoma au Kisumu anayefuata ushauri huo neno kwa neno anaweza kupata besi nzito kuliko alivyoahidiwa. Pazia, zulia na trei za mayai zinazobandikwa ukutani hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu. Wimbi la mita 6 haliyumbishwi na kadibodi. Godoro na makochi manene husaidia kiasi.

Mahali pa kuweka

Ukuta ulio nyuma ya spika huongeza besi, kinadharia hadi desibeli 6, na kona huongeza zaidi. Spika ya sakafuni kwa hiyo hudai iachiwe nafasi, angalau nusu mita kutoka ukutani. Katika chumba chenye kitanda, kabati na meza ya televisheni, nusu mita hiyo haipatikani, nayo huishia konani, mahali pabaya kabisa. Ya rafu huvumilia ukaribu na ukuta, hasa kama tundu lake la besi liko mbele. Likiwa nyuma, linaweza kuzibwa kwa sponji ili kupunguza mngurumo.

Twita iwe usawa wa masikio ya aliyeketi, sentimita 90 hadi 100 hivi kutoka sakafuni. Kwa spika ya rafu hilo huhitaji stendi, na bei ya stendi ijumlishwe kabla ya kulinganisha. Stendi nyepesi ni hatari penye watoto wadogo. Vishikizo vya ukutani ni salama zaidi.

Mahali pa kukaa pana uzito uleule. Katikati ya chumba mngurumo mkuu hupotea, na karibu na ukuta huwa mkali mno. Kabla ya kununua kitu kingine chochote, inafaa kusogeza kiti.

Nguvu na majirani

Spika ya kawaida ya rafu hutoa kama desibeli 85 kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1. Jozi inayopewa wati 10 kila moja humfikishia msikilizaji wa mita 2 takriban desibeli 90. Wataalamu wa afya kazini huweka desibeli 85 kuwa kikomo cha saa 8 kwa siku, kwa hiyo hoja kwamba spika ndogo haitoshi chumba kidogo haina msingi.

Spika ya sakafuni hupata haki yake katika sebule ya mita za mraba 25 au zaidi, au iliyo wazi kuelekea vyumba vingine, na msikilizaji akae zaidi ya mita 3. Anayetaka besi zaidi katika chumba kidogo anaweza kuongeza sabufa baadaye, akiiweka kwanza kwenye kiti anachokalia, kisha akitembea kando ya kuta huku muziki ukipigwa. Mahali ambapo besi inasikika sawasawa ndipo sabufa ihamishiwe. Katika nyumba za kupanga ambazo kuta za ndani hazifiki kwenye bati, jaribio hilo lifanywe mchana, maana besi ya chumba kimoja husikika katika vyote.