Hata Asipokula, Insulini Isikatwe

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza akiamka na homa, akatapika na kukataa hata uji, mzazi hubaki na sindano mkononi akijiuliza: kama hajala, nimchome ya nini? Wengi, kwa nia njema kabisa, huirudisha insulini ilipokuwa na kungoja hamu ya kula irudi. Kungoja huko ndiko mara nyingi hugeuza homa ya kawaida kuwa mbio za usiku kwenda hospitali. Mtoto akiugua, dozi inaweza kupunguzwa au kuongezwa, lakini insulini haisimamishwi kabisa.

Kosa linaanzia kwenye dhana kwamba insulini ni ya chakula tu. Ini humwaga sukari kwenye damu usiku na mchana, mtu ale asile. Ugonjwa unazidisha hali hiyo, kwa sababu mwili unaopambana na maambukizi hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli, ambazo hupandisha sukari na kuidhoofisha insulini iliyopo. Ndiyo maana mtoto aliyeshinda na njaa anaweza kupimwa na kukutwa na sukari ya milimoli 18 au 20 kwa lita. Bila insulini, misuli yake haiwezi kuitumia sukari hiyo, basi mwili unayavunja mafuta na ini linayageuza kuwa ketoni. Ketoni zikirundikana, damu inakuwa na asidi: tumbo linauma, mtoto anatapika, anahema kwa nguvu na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, kisha anazidiwa na usingizi. Hapo ndipo penye mtego. Kutapika kule kule kulikomfanya mzazi aiweke sindano kando huenda kukawa ishara kwamba insulini imeshapungua mwilini.

Historia ya ugonjwa huu inathibitisha jambo hilo kwa uchungu. Kabla ya insulini kupatikana, daktari Frederick Allen wa New York alikuwa maarufu kwa tiba ya kuwanyima wagonjwa chakula, watoto wakiwemo, hadi wakabaki mifupa. Baadhi walisogeza siku mbele kidogo. Hakuna aliyepona kwa njaa. Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekondeshwa na ugonjwa na lishe ya aina hiyo, alichomwa insulini. Dawa iliposafishwa vizuri zaidi na kurudiwa siku chache baadaye, sukari yake ilishuka na ketoni zikatoweka kwenye mkojo. Kutokula hakukuwa badala ya insulini wakati ule, na si badala yake leo.

Mzazi atasema: sukari ikishuka ghafla je? Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa aliyewahi kumwona mwanawe akipatwa na degedege. Ugonjwa wa kuhara na kutapika unaweza kweli kuishusha sukari. Jibu lake ni kupima kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku, na kumnywesha mtoto kidogo kidogo: maji ikiwa sukari iko juu, kinywaji chenye sukari ikiwa inaelekea chini. Ikiwa chini ya 3.9, apewe sukari mara moja, na dozi inayofuata ipunguzwe kwa ushauri wa kliniki. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu: vijiti vya kupimia vina bei, na si kila kaya inavyo. Kumlaumu mzazi kwa hilo ni dhuluma. Ndiyo sababu mpango wa siku za ugonjwa unapaswa kuandikwa kliniki mtoto akiwa mzima, ukitaja dozi yake na namba ya simu ya kupiga, na vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo viwe sehemu ya huduma kama insulini yenyewe. Kwenye damu, ketoni zikifika milimoli 1.5 kwa lita hatari imeanza. Zikifika 3 ni dharura. Asiye na kipimo amwangalie mtoto: kutapika kusikokoma kwa saa mbili, au kuhema kwa kina, kunatosha kuondoka nyumbani.

Na mzazi akifika hospitali, aseme mlangoni kabla ya lolote kwamba mtoto ana kisukari aina ya kwanza na apimwe sukari na ketoni. Homa na kutapika katika nchi zetu huelekeza macho kwenye malaria kwanza, na kuhema kwa kina hudhaniwa nimonia. Aeleze pia dozi ya mwisho ilikuwa ya kiasi gani na saa ngapi. Asijaribu kufidia kwa kumchoma dozi kubwa njiani, kwa kuwa hospitali huanza na dripu ya maji, kisha huingiza insulini polepole huku ikilinda ubongo wa mtoto usivimbe.