Kabla ya Jina la Chuo, Uliza Nani Atalipa

Malaba ni mji wa mawakala. Lori la mafuta halivuki kwenda Tororo mpaka wakala wa forodha ajaze hati zake, na hakuna anayeona ajabu kumlipa. Kwa hiyo mtoto akipata A katika KCSE, pale Butula au Kolanya, akasema anataka kusomea sayansi ya kompyuta Marekani, swali la kwanza nyumbani huwa ni wakala yupi aonwe, wa Kisumu au wa Nairobi.

Hahitajiki. Maombi ya shahada ya kwanza hujazwa na mwanafunzi mwenyewe mtandaoni, mengi kupitia Common App, na ofisi ya EducationUSA iliyo chini ya ubalozi wa Marekani Nairobi hutoa ushauri bila malipo. Mawakala wengi hupata kamisheni kutoka kwa vyuo wanavyovitafutia wanafunzi, na vyuo vyenye ufadhili mnono havina haja ya kutafutiwa mtu. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa za watoto waliopaswa kwenda kusoma Finland na Canada. Huo ulikuwa mpango wa kaunti yenyewe, sembuse wa mtu mwenye chumba cha kukodi na bango la ndege.

Kazi iliyobaki ni kuchagua, na hapa vijana wengi huanzia mwisho. Hufungua orodha ya vyuo bora, wakanakili majina kumi ya juu. Chukua Carnegie Mellon: katika kompyuta wanaoizidi ni wachache duniani, lakini haitoi msaada wa karo kwa mgeni wa shahada ya kwanza. Berkeley na Washington ya Seattle ni vyuo vya umma, na msaada wao umewekewa wenyeji. Mgeni hulipa kila kitu. Katika vyuo binafsi vikubwa karo, malazi na chakula kwa mwaka mmoja hufika dola 85,000 na zaidi. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu shilingi milioni 11, na masomo ni ya miaka minne.

Kwa hiyo mimi hugawanya vyuo kwa mfuko kabla ya kutazama sifa. Kundi la kwanza halitazami uwezo wa mgeni linapoamua kumpokea, na likimpokea huziba pengo lote la gharama. Humo wamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Amherst na Bowdoin. Majina mawili ya mwisho wengi hapa hawajawahi kuyasikia. Kundi la pili, kama Stanford, Williams na Swarthmore, huzingatia uwezo wakati wa kuchagua, kwa hiyo anayehitaji msaada hushindania nafasi chache, lakini akipenya hugharamiwa vilevile. Huko ni lazima useme tangu siku ya maombi kwamba unahitaji msaada. Wako wanaonyamaza wakidhani wataonekana matajiri, kisha wanapokewa bila senti.

Halafu kuna Berea, Kentucky, chuo kidogo kilichoanzishwa mwaka 1855 na mpinga utumwa John Fee. Hakitozi karo, kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, na mgeni anayepokewa hugharamiwa. Kompyuta hufundishwa. Nafasi za wageni ni chache kila mwaka, na ushindani wake ni mkali.

Anayeona haya kutaja chuo kisichojulikana amkumbuke Wangari Maathai. Mwaka 1960, katika safari za wanafunzi zilizopangwa na kina Tom Mboya, alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista katika mji wa Atchison, Kansas. Alikwenda palipokuwa na ufadhili. Hata Calestous Juma, mwana wa Port Victoria hapa Busia, aliyekuwa profesa Harvard hadi alipofariki Desemba 2017, uzamivu wake aliupata Sussex, Uingereza.

Mfuko ukishajulikana, tazama kanuni za idara. Illinois na Washington humchagua mwombaji moja kwa moja katika sayansi ya kompyuta. Aliyeingia kwa somo jingine akitumaini kuhamia baadaye hukuta nafasi ni finyu mno au hakuna. MIT, Yale na Amherst humpokea mtu chuoni kwanza, somo akachagua akiwa ndani. Kwa kijana aliyegusa kompyuta kwa mara ya kwanza kidato cha tatu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko nafasi kumi za orodha. Zaidi ya hayo, orodha ya CSRankings inayonukuliwa sana huhesabu makala za utafiti za wahadhiri katika mikutano mikuu. Haisemi lolote kuhusu atakayekufundisha mwaka wa kwanza.

Orodha hiyo inamfaa mtu mwingine: anayemaliza shahada Alupe, Maseno, Masinde Muliro au Makerere. Huyo, kwa maoni yangu, ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, na ndiye asiyeambiwa. Uzamili wa kompyuta Marekani kwa kawaida hulipiwa na mwanafunzi. Uzamivu, katika idara nyingi kubwa, humlipa mwanafunzi: karo husamehewa na posho hutolewa kwa kazi ya utafiti au ya kusaidia kufundisha. Mwenye shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba bila kupitia uzamili. Berkeley na Carnegie Mellon, zilizokuwa ghali mno kwake akiwa na miaka 18, sasa zinafikika. Atakachoulizwa ni utafiti alioufanya na barua za wahadhiri wanaomjua kwa kazi yake, kwa hiyo aanze kumsaidia mhadhiri mmoja mwaka wa tatu.

Kwa mwanafunzi wa KCSE, kalenda ni tatizo. Makataa ya mapema ni Novemba 1, ya kawaida siku za kwanza za Januari, na matokeo yetu hutoka wakati huohuo. Wengi hulazimika kungoja mwaka mzima, na mwaka huo ndio wa kufanya mtihani wa SAT, ambao MIT iliurejesha kama sharti mwaka 2022, kisha Harvard na Dartmouth mwaka 2024. Jihadhari na nafasi ya KUCCPS: ukianza masomo ya chuo hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi anayehamia, na msaada kwa wageni wanaohamia hivyo ni haba. Waliovuka kusoma Tororo na kufanya UACE huomba kwa matokeo hayo bila kikwazo.

Viza ya mwanafunzi, F-1, huja mwisho, baada ya chuo kutoa fomu ya I-20 inayoonyesha fedha za mwaka wa kwanza zinatoka wapi. Mhitimu wa kompyuta huruhusiwa kufanya kazi ya taaluma yake hadi miaka mitatu baada ya masomo, kwa kanuni zilizopo; kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo zisome upya mwaka unaoomba. Ada ya SEVIS, dola 350, hulipwa kabla ya usaili wa ubalozini Gigiri. Viza ikikataliwa, ada hiyo hairudishwi, ila unaweza kuitumia kuomba tena viza hiyohiyo ndani ya miezi 12.