FEDHA NA RANGI YA NGOZI: SWALI LA KICHUNGAJI

Katika makala hii tunakusudia kujibu swali moja: je, yafaa Mkristo abadili sura ya mwili wake kwa sababu ya fedha? Kwa wachungaji wa Mbeya na Iringa swali hili huja kwa njia ya mkorogo, yaani mchanganyiko wa vipodozi vya kujichubua. Binti atafutaye kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni kando ya barabara kuu iendayo Tunduma huambiwa, au hujionea mwenyewe, kwamba weupe unalipa.

Kwanza, hatuna budi kutofautisha mambo. Si kila badiliko lifanywalo kwa ajili ya ujira ni dhambi. Askari hunyoa nywele, muuguzi huvaa sare. Sare huvuliwa jioni, na nywele huota tena. Mkorogo hauvuliwi. Zebaki na haidrokwinoni huizuia ngozi kutengeneza rangi inayoikinga na jua. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Krimu zenye steroidi, zikitumiwa muda mrefu, huifanya ngozi kuwa nyembamba, hata kidonda kikawa kigumu kupona. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza katika nchi nyingine vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni. Nchini mwetu pia vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Hata hivyo biashara hii haijakoma, kwa kuwa katazo halikuyagusa malipo.

Pili, Maandiko yanatufundisha nini? Paulo alimtahiri Timotheo (Mdo. 16:3), lakini hakukubali Tito alazimishwe kutahiriwa (Gal. 2:3). Tendo la mwilini lilikuwa lile lile. Kwa Timotheo lilikuwa huduma ya upendo iliyotendwa kwa uhuru. Kwa Tito lingekuwa sharti la kukubaliwa. Binti aambiwaye kwamba bila weupe hapati kazi yuko mahali pa Tito. Basi yampasa Kanisa kusimama upande wake kama Paulo alivyosimama upande wa Tito.

Tatu, Martin Luther, katika hoja zake za Heidelberg za 1518, alifundisha kwamba upendo wa mwanadamu huamshwa na kile kinachompendeza, bali upendo wa Mungu haungoji kukuta kilicho kizuri, huo wenyewe hukiumba. Fedha hupenda kwa namna ya kwanza. Mbatizwa amekwisha kupendwa kwa namna ya pili, naye hana haja ya kuinunua thamani yake kwa ngozi yake.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba fedha haistahili kuwa sababu ya kuuharibu mwili. Lakini mahubiri yetu yasimwelekee ajipakaye peke yake, huku amlipaye akiwa ameketi kiti cha mbele (Yak. 2:1-4). Mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni, na kamati zetu wenyewe zinapochagua wa kupokea wageni, waulizwe: mnalipia kazi au mnalipia rangi? Naye aliyekwisha kuumia asitajwe mimbarani. Atembelewe kwa siri, na asindikizwe kwa daktari wa ngozi.