Barua ya vitisho si hukumu: Jihadhari na walanguzi wa hataza

Hebu chukulia, msomaji, kwamba una kijana anayesomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Rongo, Kaunti ya Migori, au katika kile cha Tom Mboya mjini Homa Bay. Wakati wa likizo, badala ya kuzurura sokoni, anaketi na kuunda programu ndogo ya simu ya kuweka hesabu za chama: nani ametoa mchango, nani amekopa, na zamu ya nani kupokea imefika. Mama yake na shangazi zake wanaijaribu na kuipenda. Anaiweka katika duka la programu kwenye intaneti, na kabla ya mwaka kwisha Wakenya wanaoishi Dallas na Minneapolis wanaitumia kuhesabu michango ya matanga ya nyumbani. Mtu huipata bure, lakini akiitaka ile kamili hubonyeza kitufe na kulipa dola mbili.

Kisha siku moja barua inafika. Imetoka kwa kampuni ambayo kijana hajapata kuisikia, na inadai kwamba kile kitufe cha kulipia ni mali yake. Alipe sehemu ya mapato yake, la sivyo atashtakiwa huko Texas. Je, wewe kama mzazi utamshauri nini?

Kijana huyu ni wa mfano tu. Barua yenyewe si ya mfano. Mnamo Mei 2011, kampuni moja ya Texas iitwayo Lodsys ilianza kuwaandikia waundaji wadogo wa programu za simu ya iPhone, mmoja wao akiwa Scotland. Ilidai asilimia 0.575 ya mauzo yao ya Marekani, kwa sababu programu zao zilikuwa na kitufe cha kununulia toleo kamili. Lodsys haikuwa imevumbua kitufe hicho. Ilikuwa imenunua hataza ambazo chimbuko lake ni maombi yaliyowasilishwa mwaka 1992, miaka 15 kabla ya iPhone ya kwanza kuingia sokoni.

Kampuni ya Apple ilijibu kwamba yenyewe ilikwisha kulipia leseni ya hataza hizo, na kwamba leseni hiyo iliwakinga pia waundaji wanaouza katika duka lake. Lodsys haikujali. Kabla ya mwezi huo kwisha ilikuwa imewafikisha waundaji saba mahakamani.

Ulanguzi wenyewe

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake ya kutengeneza, kutumia na kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Katika Kenya muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Kusudi lake ni jema: mvumbuzi anaueleza umma siri ya kazi yake, na umma unamlipa kwa kumwachia soko kwa muda.

Tatizo huanza hati hiyo inapokuwa bidhaa ya kuviziana. Wamarekani huwaita watu wa biashara hii kwa jina la zimwi wa ngano za Ulaya, yule akaaye chini ya daraja na kumtoza kila apitaye. Hapa tuwaite walanguzi, maana tunawajua. Mlanguzi wa sukari hakulima muwa Awendo wala hakuusaga kiwandani. Yeye hununua magunia, akayafungia ghalani, akangoja tutakaposhikika. Mlanguzi wa hataza naye haundi programu wala hauzi chochote. Hununua hati kutoka kwa wavumbuzi au kampuni zilizofilisika, kisha huwatafuta watu ambao kazi yao inafanana kidogo na maneno ya hati hiyo.

Ili uone uzito wake, tazama shamba la mahindi karibu na Mbita, Homa Bay. Pale Mbita kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE. Katika miaka ya 1990 watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa taasisi ya serikali ya kilimo na wa Rothamsted, Uingereza, waligundua njia ya kukabiliana na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Unapanda mmea wa desmodium katikati ya mistari ya mahindi, nao hufukuza nondo na kuzuia gugu. Unazungushia shamba mabingobingo, nayo huwavuta nondo mbali na mahindi. Njia hiyo ilifundishwa kwa wakulima bila malipo, na imeenea hadi nchi nyingine za Afrika.

Sasa chukulia kwamba mtu asiyepata kushika jembe ana hati isemayo, "njia ya kupanda mmea mmoja kando ya mwingine ili kuzuia wadudu," na anamwandikia kila mkulima wa Mbita barua ya kudai shilingi elfu tano. Mkulima mmoja hawezi kuajiri wakili kwa ajili ya shilingi elfu tano. Atalipa. Hivyo ndivyo waundaji wa programu wanavyoviziwa.

Kwa nini watu hulipa

Watu hulipa kwa sababu ya hesabu, wala si kwa sababu wana hatia. Katika Marekani kesi ya hataza ikifika mwisho gharama yake huweza kupita dola milioni moja. Mlanguzi akiomba dola elfu chache, mtu mwenye akili timamu huona afadhali alipe na kurudi kazini. Aghalabu mlanguzi mwenyewe hataki kufika mbele ya hakimu, kwa sababu huko hati yake yaweza kubatilishwa.

Tazama kisa cha kampuni ya MPHJ. Iliwaandikia wafanyabiashara wadogo zaidi ya 16,000 wa Marekani ikiwaambia kwamba kupiga picha ya karatasi kwa mashine na kuituma kwa barua pepe ni kutumia hataza zake, na kwamba walipe takriban dola 1,000 kwa kila mfanyakazi. Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilisema kampuni hiyo ilitishia kushtaki ilhali haikuwa na nia ya kufanya hivyo, na mwaka 2014 ikakubaliana nayo iache vitisho vya uongo.

Kwa upande wa Lodsys, washtakiwa wengi walimalizana nayo nje ya mahakama. Kampuni ya Kaspersky ilikataa. Mwaka 2013, siku chache kabla ya kesi kusikizwa, Lodsys iliiondoa, na Kaspersky haikulipa hata senti moja.

Usidhani hata hivyo kwamba kesi za hataza ni za Wamarekani pekee. Hapa nchini kampuni ya Sanitam iliishtaki Rentokil mwaka 1999 kuhusu pipa la taka linalofunguliwa kwa mguu. Sanitam haikuwa mlanguzi, kwani ilikuwa ikifanya biashara ya mapipa hayo. Lakini angalia muda: Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi wake mwaka 2006. Miaka saba, na kwa ajili ya pipa! Muundaji wa programu aliye na kompyuta moja na deni la karo angeimudu miaka hiyo saba?

Sheria inasema nini

Kuna mambo matatu ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta anapaswa kuyajua kabla ya barua kufika.

La kwanza ni kwamba hataza ina mipaka ya nchi. Hataza ya Marekani haina nguvu Migori. Kijana anayeuza programu yake kwa Wakenya walio Kenya tu hawezi kuwa anaivunja. Lakini akiuza Marekani, sheria ya huko inamgusa. Na mlanguzi hana haja ya kupanda ndege. Anaweza kuiandikia kampuni yenye duka na kuitaka iiondoe programu hiyo, na kijana akapoteza wateja kabla hajapata wakili.

La pili ni kwamba si kila wazo hupewa hataza. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001, inayosimamiwa na taasisi ya KIPI, inasema kwamba kanuni za hesabu, pamoja na mipango na mbinu za kufanya biashara, si uvumbuzi. Marekani nayo ilibana mlango. Mnamo Juni 2014, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwa kauli moja kwamba kuchukua wazo la zamani la biashara na kulifanyia kazi kwenye kompyuta hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Tangu hapo hataza nyingi za programu zimebatilishwa.

La tatu ni kwamba programu yenyewe hulindwa na hakimiliki, kama kitabu kinavyolindwa. Chini ya sheria ya Kenya haki hiyo huanza pale unapoiandika, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Unaweza kuiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ili uwe na ushahidi. Kumbuka tu kwamba hakimiliki hulinda ulichoandika, si wazo lililo kichwani. Mwaka 2012 Faulu Kenya ilikwenda Mahakama Kuu ikidai kwamba huduma ya mikopo ya M-Shwari ya Safaricom ilifanana na mpango wake, na mahakama ilikataa kuisimamisha M-Shwari. Ikiwa kampuni yenye mawakili haikufaulu kuizuia, wewe usipeleke wazo lako kwenye ofisi ya mtu mkubwa bila mkataba wa siri uliotiwa sahihi.

Barua ikifika ufanye nini

Kwanza, usilipe siku hiyo, wala usiitupe barua. Iweke pamoja na bahasha yake na uandike tarehe uliyoipokea. Barua ya wakili ni dai. Hukumu hutolewa na mahakama peke yake.

Pili, usijibu kwa hasira wala kwa kuomba msamaha. Sentensi moja ya "sikujua kwamba ni yenu" yaweza kusomwa mbele ya hakimu kama kukiri.

Tatu, uliza maswali manne: hataza ni namba gani, ya nchi gani, muda wake umekwisha, na ni sehemu gani ya programu yangu inayodaiwa? Hataza ni hati za umma na kumbukumbu zake huweza kutafutwa. Ukikuta muda umekwisha, mara nyingi mchezo umekwisha pia, ingawa huko Marekani mtu bado anaweza kudai fidia ya miaka michache iliyopita.

Nne, tafuta ushahidi kwamba jambo hilo lilifanywa na wengine kabla ya tarehe ya maombi. Kitabu cha zamani cha kompyuta katika maktaba ya chuo chaweza kuwa na thamani kuliko wakili. Na kama hataza ni ya Kenya, mwenye maslahi anaweza kuliomba Baraza la Mali ya Viwandani liibatilishe, mradi afanye hivyo katika miezi tisa tangu kutangazwa kwake.

Tano, usipigane peke yako. Waarifu wenye duka unakouzia, kwa maana huenda wana leseni inayokukinga, kama ilivyokuwa kwa Apple. Watafute wenzako waliopokea barua kama yako. Mlanguzi hutegemea kwamba kila mmoja ataogopa chumbani mwake.

Usingoje barua ndipo uanze kuweka kumbukumbu. Hifadhi kila toleo la programu yako na tarehe zake. Soma masharti ya kila kipande cha programu ya bure unachokiazima. Kama mnaunda watatu, andikeni leo nani anamiliki nini, maana urafiki wa bwenini hausimami kortini. Na kama kweli umevumbua kifaa kipya, usiichukie hataza kwa sababu ya walanguzi. Nenda KIPI kabla ya kukitangaza, na uulizie pia hati ndogo ya miaka 10 inayofaa mabunifu madogo.

Nawe mzazi, kijana akikuletea barua ya Kiingereza kigumu yenye muhuri wa ng'ambo, usiuze ng'ombe. Mwambie aketi, aisome tena polepole, na aanze na lile swali la kwanza: hataza namba gani?