Aliyeombewa Apewe Pia Kinywaji na Chakula



Kila mara mvua inapoanza kunyesha huku kwetu Kivu, ombi moja linaongezeka kati ya maombi yanayofika hapa kwenye radio yetu: tuombee mtoto, au mama, au mzee anayehara na kutapika. Tunaomba, na tutaendelea kuomba, kwa kuwa Bwana wetu ni Mponyaji. Lakini mara nyingi ombi hilo linakuja pamoja na habari nyingine inayotutia hofu. Wengine wanatuambia kwamba wameacha kumpa mgonjwa maji, kwa sababu kila akinywa anahara tena. Wengine wamemuingiza mgonjwa mwenyewe katika mfungo wa siku tatu, bila kula na bila kunywa.

Wapendwa, tusikilizane vizuri. Katika ugonjwa wa kuhara, kinachoua upesi ni mwili kukauka. Maji na chumvi vinatoka, na havirudishwi. Mtoto mdogo anaweza kukauka kwa muda wa saa chache tu. Ukimnyima maji ili asihare, kuhara hakutakoma. Ila yeye ndiye atakayeisha nguvu.

Neno la Mungu linatuonyesha nini

Katika 1 Samweli 30, Daudi na watu wake walimkuta kijana Mmisri shambani. Bwana wake alikuwa amemwacha huko kwa sababu ya ugonjwa, naye alikuwa amekaa siku tatu mchana na usiku bila kula wala kunywa. Watu wa Daudi walimpa mkate, wakamnywesha maji, wakampa kipande cha tini zilizokaushwa na vichala viwili vya zabibu kavu. Ndipo nguvu zikamrudia. Hawakumhubiri kwanza, na hawakumuuliza dhambi zake. Na huyo aliyekuwa ametupwa ndiye aliyewaongoza hadi kwa adui zao.

Tuangalie pia binti wa Yairo, katika Luka 8. Yesu alimfufua kwa neno lake, bila dawa. Lakini mara tu msichana aliposimama, Yesu aliagiza apewe chakula. Yeye aliye na uwezo wa kufufua hakuona haya kutuma watu jikoni. Basi sisi tunaoomba kwa jina lake, tusione kwamba kikombe cha maji ni upungufu wa imani.

Kwa nini chumvi na sukari

Mgonjwa wa kuhara akinywa maji matupu, anapata msaada kidogo, lakini chumvi iliyotoka haijarudi. Mungu ameumba utumbo wetu kwa namna ya ajabu: ndani yake kuna milango midogo ambapo chumvi na sukari hupita pamoja, na maji huzifuata. Mlango huo unaendelea kufanya kazi hata wakati mtu anahara sana. Ndiyo sababu kinywaji chenye chumvi kidogo na sukari kidogo, kwa kipimo chake, kinaingia katika damu.

Mwaka 1971, vita vilifukuza watu wengi kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh. Walikimbilia India, na kolera ikaingia kambini. Munganga mmoja, Dilip Mahalanabis, aliona serumu za kutundika zimekaribia kuisha. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari ya glukozi katika maji, na kuwaachia ndugu za wagonjwa kazi ya kuwanywesha. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika 100 walikuwa wanakufa. Kwa kinywaji kile wakawa chini ya 4 katika 100. Sisi wa Kivu tunaelewa habari hiyo. Wazee wa Goma wanakumbuka mwezi wa 7 mwaka 1994, wakati kolera ilipoua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache.

Namna ya kutengeneza kinywaji

Kilicho bora ni sashe ya SRO, inayopatikana katika kituo cha afya na farmasi. Soma vizuri juu ya sashe ni ya maji kiasi gani. Nyingi ni za litri moja, lakini kuna nyingine ndogo. Usipunguze maji ili iwe kali, na usiyaongeze ili itoshe watoto wote.

Kama SRO haipo, tengeneza nyumbani:

– Maji safi litri moja, yaliyochemshwa na kupoa. Chupa mbili za nusu litri zinafanya litri moja.
– Sukari vijiko vidogo vya chai 6, vilivyosawazishwa kwa kisu.
– Chumvi nusu ya kijiko kidogo cha chai, nayo imesawazishwa.

Koroga hadi viyeyuke, kisha onja. Kikiwa na chumvi kuliko machozi, kimwage, uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Kifunike. Kikipita saa 24, kimwage na utengeneze kingine.

Namna ya kunywesha

Kila mara baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kati ya robo na nusu ya glasi. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 apewe kati ya nusu glasi na glasi nzima. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka, glasi moja au zaidi. Mtoto mdogo anywe kwa kijiko, polepole. Akitapika, usikate tamaa: ngoja dakika 10, kisha anza tena, kijiko kimoja kimoja. Hata akitapika kidogo, sehemu kubwa inabaki ndani.

Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha. Ampe mtoto titi mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Kwa watoto, uliza pia vidonge vya zinki kwenye kituo cha afya. Vinatolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha kabla.

Ale nini?

Tumbo halihitaji kupumzishwa siku nzima nzima. Kutapika kukitulia na mgonjwa akiwa amekunywa kwa saa chache, aanze kula. Chakula kinasaidia utumbo kujitengeneza, na kinamlinda mtoto asikonde. Ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, kuliko sahani moja kubwa jioni.

Mwanzoni, chagua chakula chepesi: uji wa mchele au wa mahindi, wali laini, viazi vilivyochemshwa na kupondwa, bitoke zilizochemshwa, ndizi mbivu. Ndizi inarudisha madini ambayo kuhara kumeyaondoa. Maji ya mchele yenye chumvi kidogo, na supu nyepesi ya kuku au ya samaki, vinafaa pia.

Hamu ya kula ikianza kurudi, ongeza chakula cha kujenga mwili: yai lililoiva vizuri, sambaza zilizosagwa ndani ya uji, maharage yaliyopikwa sana na kuondolewa maganda, bugali laini pamoja na mchuzi usio na mafuta mengi. Na mtoto akipona, kwa muda wa majuma mawili aongezewe mlo mmoja kila siku. Hapo ndipo anarudisha kilo alizopoteza. Wengi wetu tunasahau sehemu hii: tunashuhudia kanisani Jumapili kwamba mtoto amepona, na Jumatatu tunamrudisha kwenye sahani ileile ndogo.

Aache nini kwa sasa?

Aache kwanza pilipili, nyama ya kukaanga, mandazi, na sombe yenye mawese mengi. Aache pia kahawa. Vinywaji vya sukre vya dukani visitumiwe badala ya SRO: vina sukari nyingi na chumvi haitoshi, na sukari ikizidi inavuta maji ndani ya utumbo, mtu anahara zaidi. Mkubwa akiona maziwa ya ng'ombe yanamchafua tumbo, angoje siku chache.

Pia tusikimbilie vidonge. Dawa za kufunga kuhara hazifai kwa watoto, wala kwa mtu anayehara damu. Antibiotiki zinunuliwe tu kwa agizo la munganga, kwa sababu kuhara kwingi hakuponywi nazo. Na dawa ya kienyeji ya kuingizwa kwa nyuma inamkausha mgonjwa zaidi, tena inaweza kumjeruhi.

Wakati wa kukimbia kwenye kituo cha afya

Msingoje mwisho wa maombi, wala mapambazuko, mkiona mojawapo ya mambo haya:

– Macho yameingia ndani, mdomo umekauka, mtoto analia bila machozi.
– Ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.
– Hajakojoa kwa saa 6 au zaidi.
– Amelegea, anasinzia, au hawezi kunywa.
– Anatapika kila kitu.
– Kuna damu katika choo, au homa kali.
– Anahara maji mengi kama maji ya mchele. Hiyo inaweza kuwa kolera, na mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa siku hiyohiyo.

Mkiwa njiani, kwenye pikipiki au kwa miguu, endeleeni kumnywesha ikiwa anaweza kumeza. Na mombeeni njiani. Mungu anasikia hata huko.

Neno kwa waombezi na wazee wa kanisa

Kufunga ni jambo jema, na sisi wenyewe tunafunga. Lakini mgonjwa anayehara asifunge, wala mtoto, wala mama anayenyonyesha. Wafunge wale walio wazima kwa ajili yake. Mtu akiletwa kwenye chumba cha maombi akiwa anahara, aletwe pamoja na chupa ya SRO, na mmoja kati ya waombezi apewe kazi ya kushika kijiko. Kijiko hicho ni huduma, sawa na kuwekea mikono.

Idara ya wamama inaweza kuweka sashe chache za SRO, sukari, chumvi na sabuni katika sanduku moja kanisani, pamoja na jina la mtu anayetunza ufunguo. Tukienda kuangalia mgonjwa, tubebe bidoni ya maji yaliyochemshwa au kuwekwa dawa. Tunawe mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni hakuna, kabla ya kupika, kabla ya kumlisha, na baada ya choo. Maji ya ziwa yanaonekana safi machoni, lakini yasinywewe hivyo hivyo.

Jumapili hii, baada ya ibada, kila nyumba ipime kijiko cha chumvi na chupa ya litri, na kuwafundisha watoto wakubwa, maana mara nyingi wao ndio wanaobaki na wadogo zao mama akiwa sokoni au shambani. Kisha tuombe kwa imani yote, huku kikombe kikiwa karibu na kitanda.

Bwana aliyeagiza binti wa Yairo apewe chakula awape afya ninyi na nyumba zenu. Amina.